Tuta la majitaka: kwa nini huku wanapanda juu badala ya kuchimba chini

Najua nimekuwa kimya siku nyingi, ila maisha ya huku mnayajua, mtu unatoka na giza unarudi na giza. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza mezani, nalo ni choo, na hasa maji yanayotoka chooni, yanakwenda wapi.

Nimeamua kuliandika kwa sababu naona wengi wenu mnanunua viwanja siku hizi, na vya bei nafuu ndivyo vile vya mabondeni, ambako ukichimba futi nne tano unakutana na maji. Halafu naambiwa fundi kasema, "Tutachimba mpaka tufike kwenye maji, choo hakitajaa maisha yenu." Watu wanafurahi! Na hapo hapo kiwanjani kuna kisima, au jirani anacho. Basi ngojeni niwasimulie historia ya huku kando ya Ziwa Michigan, maana hawa wenzetu walihangaika na tatizo hilo hilo kwa zaidi ya miaka mia moja kabla hawajapata jibu lake. Ni historia ya sehemu tatu: mji wa Chicago, kitongoji cha Pullman, na mashamba ya Wisconsin.

Tuanze na Chicago. Leo ukiiona unaona maghorofa tu, lakini mji ule ulianzia kwenye kinamasi, pale mto mdogo unapoingia ziwani. Ardhi yake ni tambarare kama sakafu, imepanda futi chache tu juu ya usawa wa ziwa, na chini yake kuna mfinyanzi usiopitisha maji. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda: hayanywei chini wala hayatiririki. Na watu walikuwa wanamiminika. Mwaka 1850 wakazi walikuwa karibu 30,000, mwaka 1860 walishapita 100,000. Watu wote hao na vyoo vya mashimo nyuma ya nyumba, na visima pembeni yake. Kipindupindu kikaingia mwaka 1849, kikarudi mwaka 1854, kikaua mamia ya watu.

Mwaka 1855 ikaundwa bodi ya majitaka, nayo ikamwajiri mhandisi kutoka Boston aitwaye Ellis Chesbrough. Huyu bwana akapima, akaona tatizo liko wapi. Bomba la majitaka linahitaji mteremko ili maji yatembee yenyewe. Ukilifukia chini ya barabara kama ilivyo, mteremko haupo, na mdomo wa bomba utatokea chini ya maji ya mto. Kushuka haiwezekani. Basi akasema, kama hatuwezi kushuka tupande! Mabomba yakalazwa karibu juu ya barabara ya zamani, kisha yakafukiwa kwa kifusi, mengine yakiwa matope yaliyochimbwa mtoni, na barabara mpya ikajengwa juu yake. Sehemu nyingine usawa ulipanda futi 4 hivi, nyingine ukafika futi 10.

Sasa fikirieni wewe una duka lako, barabara imepanda, mlango wako umebaki shimoni. Wakaanza kuinua majengo. Januari 1858 waliinua jengo la matofali la ghorofa nne, lenye uzito wa tani 750, kwa jeki za skrubu 200, likapanda zaidi ya futi 6. Mwaka 1860 wakainua upande mzima wa mtaa wa Lake Street, maduka na ofisi zilizoungana kwa urefu wa futi 320, kwa jeki 6,000 na wafanyakazi 600. Kila mtu alikuwa na jeki zake kumi hivi, na ishara ikitolewa wote wanazungusha kidogo kwa pamoja. Kazi ilichukua siku tano, na biashara ndani ikaendelea kama kawaida! Mwaka uliofuata wakainua hoteli ya Tremont House, na wageni wakiwa humo humo ndani.

Ni kazi ya kusifiwa, lakini sikilizeni ilikoishia. Mabomba yalimwaga majitaka mtoni, mto ukayapeleka ziwani, na maji ya kunywa yalitoka ziwa hilo hilo. Walichofanya ni kuuhamisha uchafu kutoka uani kwao na kuupeleka kwenye mtungi wa mji mzima. Mwaka 1867 wakaanza kutumia handaki la maili 2 chini ya ziwa ili wavute maji safi mbali na ufuko, lakini mvua kubwa zilipokuja uchafu uliweza kuwafuata huko pia. Mwishowe, Januari 1900, wakaugeuza mto wenyewe kwa mfereji wa maili 28, ukawa unatiririka kulitoroka ziwa badala ya kuliingia. Uchafu sasa ukaelekea kwa watu wa chini, kwenye mito inayoingia Mississippi. Jimbo la Missouri likawashtaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1906 Missouri ikashindwa. Kwa hiyo kuinua ardhi kuliwapa Chicago mteremko. Maji yenyewe hayakusafishwa hata tone.

Katika wale mafundi wa kuinua majengo alikuwemo kijana mmoja aitwaye George Pullman. Kwao New York baba yake alikuwa na kazi ya kuhamisha nyumba kando ya mfereji wa Erie ulipopanuliwa, naye akaja Chicago mwaka 1859 na ujuzi huo. Baadaye akatajirika kwa kutengeneza mabehewa ya kulala ya treni. Mwaka 1880 akaanza kujenga mji wake mwenyewe kusini mwa Chicago, kando ya Ziwa Calumet, kiwanda na nyumba za wafanyakazi pamoja, akaupa jina lake. Wakazi wa kwanza waliingia Januari 1881.

Pullman aliyaona makosa ya Chicago, na hakutaka kumwaga kinyesi kwenye ziwa lililo mlangoni kwake. Wahandisi wake wakaweka mabomba ya aina mbili. Maji ya mvua yalikwenda ziwani. Majitaka ya vyooni na jikoni yalikwenda kwenye tangi kubwa chini ya mnara wa maji, na kutoka hapo pampu zikayasukuma maili 3 kusini mpaka shambani, yakamwagilie mboga. Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Paris walikuwa wanafanya hivyo, na Berlin walianza mashamba yao ya majitaka mwaka 1876. Hesabu ilikuwa tamu: uchafu unaondoka mjini, ardhi inauchuja, mbolea inapatikana bure, na mboga zinauzwa sokoni. Pullman alitaka kila kitu mjini kwake kizae faida ya asilimia 6, na choo hakikusamehewa.

Ila kule nako ardhi ilikuwa bondeni, mfinyanzi mzito, na maji yako karibu. Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Ukiwa na maji karibu na uso wa ardhi, njia ni mbili tu, ama uipandishe ardhi ama uyashushe maji. Pullman, mtu aliyejulikana kwa kupandisha majengo, shambani alichagua kushusha maji. Chini ya shamba walilaza vigae vya kupitisha maji, yale mabomba ya udongo wa kuchoma, ili yanyonye maji ya ardhini na kuyatoa mtaroni. Kwa muda lilifanya kazi. Lakini mfinyanzi una tabia yake: ukikauka unapasuka nyufa, na ukimwagia maji mengi yanapita kwenye nyufa moja kwa moja hadi kwenye vigae, yakitokea upande wa pili karibu kama yalivyoingia. Halafu kuna jambo la pili. Kabichi inataka maji siku fulani, siku nyingine haitaki, lakini choo hakina likizo. Majitaka yanakuja kila siku, mvua ikinyesha yanakuja, ardhi ikiganda kwa barafu yanakuja. Na watu wanaongezeka, mwaka 1893 mji ulikuwa na watu kama 12,000. Shamba likazidiwa.

Yaliyofuata Pullman mengi mnaweza kuyasikia kwingine, mgomo mkubwa wa wafanyakazi mwaka 1894, yeye kufariki mwaka 1897, na mwaka 1898 mahakama ya Illinois kuiamuru kampuni iuze nyumba za mji. Tangu Desemba 2022 ni hifadhi ya taifa ya kihistoria. Watu huenda kuona nyumba na kiwanda. Shamba la majitaka hawalizungumzi sana, ingawa kwangu mimi ndilo lenye somo.

Sasa njooni Wisconsin, jimbo lililo kaskazini ya hapo. Mashambani na kwenye vijiji vya huku hakuna bomba la majitaka la serikali. Kila nyumba ina karo lake, na kutoka kwenye karo maji hupelekwa kwenye mitaro ya kokoto iliyofukiwa uani ili yanywee ardhini. Zamani watu walikuwa wanachota maji kwa pampu ya mkono na choo kiko nje, hivyo majitaka yalikuwa machache. Umeme ulipofika vijijini, ukaja na pampu, bafu, choo cha kuvuta na mashine ya kufua. Maji yakawa mengi ghafla, na kwenye udongo wenye maji karibu ile mitaro ikakataa. Uani kukawa na dimbwi linalonuka, au kibaya zaidi, hakuna dimbwi wala harufu, ila kisima kinawaumiza watoto matumbo.

Jaribio la kwanza la kupanda juu lilitoka jimbo la North Dakota mwaka 1947, kwa kutandika kokoto na udongo juu ya ardhi na kumwaga majitaka humo. Wakaliita NODAK, kwa kufupisha jina la jimbo. Lilisaidia lakini lilikuwa na kasoro. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, wakiwemo Johannes Bouma wa elimu ya udongo na mhandisi James Converse, wakalichukua wazo lile wakalichunguza upya. Swali lao lilikuwa rahisi: ni nini hasa kinachosafisha majitaka yakiwa ardhini?

Jibu ndilo hili ninalotaka mlikariri. Kinachosafisha ni udongo wenye hewa. Udongo wenye unyevu tu, usiojaa maji, una matundu makubwa yenye hewa na matundu madogo yenye maji. Majitaka yakipita humo kidogo kidogo yanatambaa taratibu kama utando mwembamba kuzunguka kila chembe ya mchanga. Vijidudu vya maradhi vinanasa, vinaliwa na vijidudu wa udongo wanaovuta hewa, vinakufa. Lakini udongo ukijaa maji kabisa, hewa inatoka, wale walaji wanadhoofika, na majitaka yanapita mbio kwenye matundu makubwa, yakibeba kila kitu. Ndiyo kusema futi 3 za mchanga wenye hewa zinaweza kufanya kazi ambayo futi 20 za shimo lililozama majini haziwezi kuifanya. Kina hakina maana kama chini kumejaa maji.

Basi wakatengeneza tuta. Ninyi mliolima viazi vitamu mnalijua tuta, mmea unapandishwa ili mizizi isikae majini. Hili ni hilo hilo ila ni kubwa, refu kuliko upana wake, limelala kufuata kontua ya mteremko. Kwanza karo linatuliza uchafu mzito. Kisha kuna chemba yenye pampu. Pampu inapeleka maji kwenye tuta kwa dozi, mara chache kwa siku, kupitia mabomba membamba yenye tundu ndogo za kama robo inchi, ili maji yasambae sawasawa kila mahali yasilundikane upande mmoja. Mabomba yamelala kwenye kokoto, chini ya kokoto kuna mchanga safi, na chini ya mchanga ndipo udongo wa asili. Juu kabisa kuna udongo wa kawaida na majani. Kipimo kilichowekwa Wisconsin ni futi 3 za udongo wenye hewa kati ya kokoto na maji ya ardhini. Ukiwa na futi 2 za asili, unaongeza futi 1 ya mchanga. Mwaka 1980 shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, likaliingiza tuta katika mwongozo wake wa ujenzi, likaenea majimbo mengine.

Angalieni vile lilivyojibu yale makosa mawili ya mwanzo. Chicago walipandisha ardhi lakini hawakuchuja. Pullman alichuja lakini hakupandisha. Tuta linafanya yote mawili, na linapima dozi, jambo lililolishinda shamba la Pullman.

Kuna mambo ya kazi yenyewe ambayo fundi akiyakosea tuta linakufa. Huwachani udongo wa juu kuutupa, kwani ndio wenye matundu mazuri. Mnautifua tu kwa kufuata kontua, kisha mnamwaga mchanga juu. Hamfanyi kazi hiyo udongo ukiwa umelowa, wala hampitishi trekta mahali pale, maana ukishagandamizwa haunyonyi tena. Hampandi miti juu yake. Hata wakati wa theluji watoto wanakatazwa kuteleza hapo, kwa sababu theluji ikishindiliwa baridi inashuka mpaka kwenye mabomba. Na tusidanganyane, tuta lina gharama, linataka umeme wa pampu, na nitreti haliiondoi vizuri, kwa hiyo kisima bado kinatakiwa kikae mbali.

Turudi nyumbani sasa. Msidhani haya ni ya Wazungu. Miaka ile ile Chicago wanahangaika, Unguja ilipigwa na kipindupindu mwaka 1858 na 1859, kikarudi mwaka 1869 na 1870, na daktari James Christie aliyekuwa akiishi huko akaandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1876. Na mwaka 2015 kilipoanza Dar es Salaam kikaenea mikoani, wengi wenu mnakumbuka. Katika mabonde kama ya Msimbazi watu wana akili yao tayari: wanajenga choo cha kupanda ngazi, sakafu iko juu ya mafuriko. Hilo ni zuri, ila ni nusu ya kazi, ni kama Chicago. Sakafu imepanda, lakini kitako cha shimo bado kimekaa majini. Na masika ikifika, wengine wanatapisha choo kwenye maji ya mvua, yakaenda kwa jirani wa chini kama yalivyokwenda Missouri.

Kwa hiyo, kabla hamjamlipa fundi, nawaomba mfanye mambo haya. Kwanza, msipime maji kiangazi. Chimbeni shimo la majaribio na mtazame rangi ya udongo: mahali mnapoanza kuona madoa ya kijivu na ya kutu, maji hufika hapo msimu wa mvua, hata kama leo pamekauka. Hiyo ndiyo alama wapimaji wa huku wanayoitumia. Pili, kitako cha shimo la choo kikae juu ya alama hiyo. Mashirika mengi ya misaada hutumia kipimo cha angalau mita 1.5, na mita 30 kutoka kwenye kisima. Kama kiwanja hakitoi nafasi hiyo kwenda chini, tafuteni kwenda juu: karo lililojengwa lisivuje, na maji yake yaenezwe kwenye eneo pana lenye mchanga uliopandishwa. Karo likiwa juu ya mteremko maji yanaweza kushuka yenyewe bila pampu. Tatu, fundi akiwaambia choo hakitajaa, mwulizeni kinachoingia kinakwenda wapi. Maana shimo lisilojaa halijala uchafu, umetoka kwa chini, na jirani yake wa kwanza ni kisima.

Najua mtaniambia kifusi na mchanga ni ghali, na mafundi wetu wamezoea kuchimba. Ni kweli. Lakini lori la mchanga mnalinunua mara moja, na kuuguza watoto hakuna mwisho wake. Kwa wale wa nyumbani kwetu ambao msingi umeshachimbwa, tafadhali msifukie shimo la choo kabla masika hayajapita. Lichungulieni mvua zikiwa zimechanganya, mpime kwa kamba maji yamesimama futi ngapi kutoka juu, mniandikie. Hapo tutajua kama tutaongeza mchanga lori moja au mawili, na mchango wangu nitautuma kwa hesabu hiyo.

Wasalaam.